Majivu Yaliyoitika Jina

Nateete, Kampala
14 Septemba 2025

Mwanangu Shifa,

Asalaam aleikum. Natumai karatasi hii imekukuta mzima, umeshiba, na miguuni una soksi mbili kama nilivyokuagiza. Huku miili haijambo, alhamdulillahi. Mioyo ndiyo inayotafuta daktari.

Utashangaa kuona nimeandika kwa mkono kisha nikaipiga picha, wakati simu ninayo na dakika zimo. Ni kwamba nyumba yetu ukikohoa jikoni unajibiwa "pole" sebuleni, na jambo hili sitaki dada yako Salme alisikie. Kwa hiyo usinipigie. Niandikie.

Salme yuko kwetu tangu Julai. Mumewe Mubarak bado yuko Juba na malori yake. Mimba ina miezi sita sasa, na wewe unajua mbili zilizotangulia zilivyokwenda. Daktari alisema apumzike, nami nikampa chumba cha nyuma kwa sababu hakina kelele. Ukuta wa kitanda chake ndio ukuta wa stoo ya baba yako. Hapo ndipo nilipokosea, na hapo ndipo habari inapoanza.

Tangu baba yako astaafu ufundi umeme kiwandani, mikono yake haitulii. Mwezi wa nne akampata rafiki, Bénit, Mkongomani, kijana mpole aliyesoma kemia na anayekula chakula changu bila kubakisha. Sina ubaya naye. Wawili hao wameunda kitu wanachokiita tanuru. Ni bomba la chuma, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, ndani wametia unga wa nikeli na lithiamu na alumini, wakaliziba, wakalipasha kwa umeme. Wanasema linarudisha joto zaidi kuliko linalopewa. Baba yako aliniambia, "Umu Salme, mwaka huu unaachana na makaa, kifua chako kipone." Mume akikuambia hivyo utamgombeza vipi? Nikawaacha. Julai yote na Agosti yote tanuru likawaka, shibiri mbili kutoka kichwa cha dada yako.

Juma lililopita akaleta mabamba ya risasi, mazito, akayasimamisha ukutani. Nikamuuliza, jiko gani linavalishwa risasi? Kabla hajanijibu, alikuwa ameshamwambia fundi mwenzake kwenye simu, pale nje, kwa ile sauti yake ya kiwandani: "Nimeweka risasi ukuta mzima!" Kesho yake asubuhi mlangoni nikamkuta mwenyekiti wa mtaa na Komakech, yule askari wa kituo cha polisi.

Mwenyekiti akasema, "Hajati, batu nasema hapa ndani iko lisasi mingi sana."

Nikamwambia, "Iko, mwenyekiti. Ukuta mzima."

Mwanangu, ungemwona alivyorudi nyuma! Komakech akaingia, mkono kwenye mkanda, akatoka akicheka mpaka ameshika mlango. "Mwenyekiti, hii si ya bunduki. Hii ni ile ya betri. Mzee najenga ukuta tu." Wakanywa chai wakaenda, ingawa mwenyekiti hakuacha kuchungulia chini ya viti.

Mimi sikucheka. Jioni ile baba yako alinieleza. Bénit anasema kwenye majivu ya tanuru ataonekana shaba, kwamba nikeli inageuka shaba mle ndani. Kama ni kweli, basi kazi hiyo ni ya nyuklia, na nyuklia hutoa mionzi inayopita ukuta kama ukuta haupo. Baba yako hakuwa amelifikiria hilo mpaka aliposoma mwenyewe. Amelizima tanuru siku ileile. Lakini miezi miwili imeshapita, na risasi ya kuzuia mionzi imekuja baada ya mgeni kuondoka.

Tangu hapo baba yako hali chakula meza moja na Salme. Anamsalimia kutoka mlangoni, hauvuki. Anaamini amemuua mjukuu wake na bado hatujui.

Wewe ndiye uliyesoma. Nijibu kama mtu mzima: mtoto wa Salme yuko salama au hayuko?

Na jingine. Nimesikia mashine yako ya maabara huko Poland nayo jina lake lina nyuklia. Ulikuwa unangoja nini kuniambia?

Mama yako


Poznań
15 Septemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, soksi mbili ninazo, ya tatu naifikiria. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kwanza la haraka. Mhamishe dada leo, na stoo ifungwe. Unga ule hata bila mionzi si wa kuchezea. Vumbi la nikeli ni baya kwa mapafu, na mjamzito asilisogelee. Mpeleke kliniki wamsikilize mtoto. Baba na Bénit wasifagie stoo, wafute kwa kitambaa kibichi, wamefunika pua.

La pili, mashine yangu. Kweli, jina lake lina neno hilo, na kweli nililiruka kwa sababu nilijua utalia. Hospitalini wanayo ndugu yake, ile ya kupiga picha za ubongo, na huko walilifuta neno nyuklia jinani kwa sababu wagonjwa walikuwa wakikimbia. Nyuklia maana yake ni ya kiini tu. Kila kitu, hata sukari ya chai yako, kina viini ndani yake. Baadhi ya viini hivyo ni kama visumaku vidogo mno. Tunaviweka katikati ya sumaku kubwa, halafu tunaviita kwa mawimbi ya redio. Kila aina ina wito wake. Ukiita wito wa shaba, alumini hainyanyui kichwa. Ni kama wewe unavyoita majina asubuhi madrasani kwako: watoto wanaitika "labeka" na hakuna anayeumia. Hatuvunji kiini, Mama. Tunaita majina.

La tatu ndilo uliloniuliza, na hapo sitakudanganya. Watu wengi wamewahi kudai wamejenga matanuru kama la baba. Mimi siamini. Lakini kutoamini kwangu hakumsaidii Salme. Nataka kuona. Niletee vichupa viwili: kimoja cha unga mbichi ambao haujaingia tanuruni, na kingine cha majivu yaliyotoka. Chota kwa kijiko cha plastiki, vaa glavu. Kama kuna kiini kilichogeuka, majivu hayataitika kama unga mbichi.

Mwambie baba nampenda. Mwambie ale.

Mwanao Shifa


Nateete
24 Septemba 2025

Mwanangu,

Salaam nyingi, na za Salme ambaye hajui kwa nini anakusalimia sana siku hizi. Tumeamka, tumeswali, tumekula. Mimi nimekula, baba yako amekizungusha chakula kwenye sahani.

Vichupa vimeondoka jana kwa wasafirishaji wa Nakivubo. Yule binti wa dirishani aliniuliza ni nini, nikamwambia unga. Akauliza wa mahindi au wa muhogo. Nikamwambia wa nikeli. Akaandika "unga mwingine". Karatasi ya Bénit yenye majina yote ya kitaalamu nimeibandika pia, kwa hiyo hakuna uongo tuliousema.

Kliniki tulikwenda. Moyo wa mtoto unapiga vizuri, daktari anasema mtoto ana bidii ya kupiga mateke kuliko adabu. Nilimuuliza kwa mbali, je, mtu akipigwa na mionzi inaonekana kwenye picha ile ya tumbo? Akanitazama juu ya miwani. "Hajati, mmepiga eksirei wapi?" Nikasema hapana, nauliza tu. Akasema si kila kitu kinaonekana. Sentensi hiyo nimerudi nayo nyumbani kama mzigo wa kuni.

Salme nimemhamishia chumba chetu. Nimemwambia chumba cha nyuma kimeingia mchwa. Baba yako analala sebuleni, anasema mgongo wake unapenda sakafu. Jana Salme alimwita amsaidie kufungua dirisha. Akanituma mimi.

Shifa, ninamjua mwanaume huyu miaka thelathini na mitano. Akiudhika anapiga nyundo kitu. Sasa hapigi kitu chochote.

Fanya haraka, lakini usifanye vibaya.

Mama yako


Poznań
9 Oktoba 2025

Mama,

Asalaam aleikum. Nawaombea uzima wote, na mtoto azidi kukosa adabu.

Vichupa vilifika. Kabla ya kuingia maabara vilipitishwa kwenye kifaa kinachosikiliza mionzi. Kimya kabisa. Vyote viwili. Kwa hiyo kilichoko sasa stooni hakitoi mionzi, na hilo unaweza kulishika mkononi leo.

Lakini najua utauliza: na Julai je? Kimya cha leo hakisemi yote ya wakati ule. Ndiyo maana nikaendelea.

Nikeli ina tabia ya chuma, inashikwa na sumaku, na ikiingia kwenye mashine inavuruga kila sauti. Nikaiondoa kwanza kwa sumaku ndogo, kidogo kidogo, siku mbili. Halafu nikaita kilichobaki. Kwenye unga mbichi nimeita lithiamu, ikaitika. Alumini, ikaitika. Shaba, hakuna mtu.

Kwenye majivu nimeita lithiamu, ikaitika. Alumini, ikaitika. Nimeita shaba.

Imeitika, Mama. Nimerudia mara nne. Nimebadilisha kichupa, nimeosha kila kitu, nimemwita mwalimu wangu aite yeye. Imeitika.

Uliniambia nikujibu kama mtu mzima, nami nakuandikia hivyo. Haimaanishi Bénit yuko sawa. Shaba inaweza kuingia kwa njia mia. Muulize baba: ndani ya bomba kuna waya wa shaba? Kuna kifuniko, bolti, chochote? Niambie safari yote ya yale majivu, kutoka bombani mpaka kwenye kichupa. Kuna kipimo kingine kitakachotuambia shaba hii ni ya wapi, lakini mashine imeshikwa na wengine na zamu yangu ni ya wiki ijayo.

Tafadhali Bénit asijue kwanza.

Mwanao Shifa


Nateete
11 Oktoba 2025

Shifa,

Salaam. Leo sina maneno ya mbele.

Bomba ni chuma kitupu. Waya wa joto uko nje yake na si wa shaba. Kifuniko ni chuma. Baba yako ameapa, na hakuna mtu duniani anayelijua bomba lile kuliko yeye. Majivu yalitoka bombani yakaingia kwenye kopo, kopo likakaa na kifuniko chake mpaka nilipochota. Hiyo ndiyo safari yote.

Nilimwonyesha barua yako kwa sababu sikuweza kubeba peke yangu. Alipofika pale shaba ilipoitika, alivua miwani akaiweka chini, akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike mama yake. Akasema, "Nilitaka wewe upumue. Nimemwangamiza Salme."

Na Bénit anajua, nisamehe. Alikuwa mlangoni. Yeye aliruka kwa furaha. "Mama, iko ukweli! Nikeli nageuka shaba kweli kweli! Dunia yote itajua Papa Umar!" Anataka kuita watu wa televisheni Jumamosi ya tarehe moja mwezi ujao. Yeye ana ushindi na sisi tuna msiba, na ni karatasi moja.

Salme aliingia katikati ya kelele. Hakuuliza kuhusu shaba. Alimtazama baba yake, kisha akaniuliza mimi: "Mama, ni mchwa gani hawa wanaomkataza baba kunitazama?"

Nikamwambia kila kitu. Alikaa kitini, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Tangu jana hajaliachia.

Nakungoja. Tarehe haijalishi, saa haijalishi.

Mama


Poznań
23 Oktoba 2025

Mama, baba, na dada Salme, maana najua sasa mnasoma pamoja,

Asalaam aleikum wote watatu, na wa nne aliyemo. Nisameheni kwa siku kumi na mbili za kimya. Sikutaka kuandika neno lolote ambalo ningelazimika kulirudisha.

Naanza na mwisho: hakuna kilichogeuka. Tanuru la baba ni bomba la chuma lililopashwa moto, basi. Halijatoa mionzi yoyote. Mtoto wa Salme hajaguswa na kitu kilichotoka mle.

Sasa nawaeleza nilivyojua, ili msiseme Shifa anatupoza.

Shaba ina ndugu wawili, mwepesi na mzito. Wote ni shaba, rangi moja, tabia moja, lakini kila mmoja ana wito wake na mashine inawatofautisha. Katika shaba yote ya duniani, ya sarafu, ya nyaya, ya sufuria, ukichukua mia, wepesi ni sitini na tisa hivi na wazito thelathini na mmoja. Shaba iliyozaliwa ndani ya tanuru kutokana na nikeli haina sababu ya kufuata hesabu hiyo. Shaba yenu nimeihesabu siku nne. Sitini na tisa kwa thelathini na moja. Ni shaba ya dukani kama shaba nyingine.

Lithiamu nayo ina ndugu wawili, na Bénit anadai tanuru humla mmoja wao. Nimewahesabu kabla ya moto na baada ya moto. Hakuna aliyeliwa. Wako vilevile.

Kuna la tatu. Shaba ikiwa kipande cha metali huitika juu kidogo ya pale inapoitika ikiwa chumvi. Hii yenu imeitika mahali pa metali. Ni chembe, Mama. Vumbi la kitu kilichosuguliwa. Mtu ameitia shaba ile kwa mkono wake baada ya majivu kutoka bombani.

Nilimshuku Bénit. Namwomba radhi, kwa sababu nilifanya jambo moja la mwisho. Niliita hidrojeni, nione kama kuna maji. Ikaitika hidrojeni ambayo haina kazi yoyote katika tanuru la nikeli. Mwalimu wangu alikuja, akatazama mchoro, akafungua kichupa, akanusa. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama kwetu ni kawaida.

Mama. Nani ametia ndimu kwenye majivu?

Mwanenu, na mdogo wake Salme,
Shifa


Nateete
25 Oktoba 2025

Shifa, roho yangu,

Asalaam aleikum, na Mwenyezi Mungu akuzidishie macho, masikio na hiyo pua ya mwalimu wako.

Ni mimi.

Usicheke kwanza, nisikilize. Siku mbili kabla ya Maulidi baba yako na Bénit walikuwa wakipanga stoo, wakatoa vitu nje, kopo moja likawekwa dirishani jikoni. Limeandikwa kwa wino mnene, herufi kubwa: MAJIVU. Mwanangu, mimi nimefundisha watoto kusoma miaka ishirini. Nikisoma majivu najua ni majivu! Nilikuwa na wageni wanakuja, na dele la kahawa la bibi yangu, lile la shaba alilokuja nalo kutoka pwani, limeingia weusi. Majivu ya makaa siku ile sikuwa nayo kwa sababu nilipikia gesi ya shangazi yako. Nikachota yale, nikakata ndimu, nikasugua. Wallahi sijawahi kuona majivu yanayosugua namna ile. Dele lilitoka jekundu kama limetengenezwa jana. Wageni walilisifu. Mke wa imamu aliniuliza natumia nini, nikamwambia majivu tu.

Na kwa kuwa mama yangu alinifunza majivu mazuri hayatupwi, nikayakung'uta kutoka kwenye sinia, nikayaanika, nikayarudisha koponi. Nikafunika. Uliponiuliza safari ya kopo sikukumbuka hata kidogo. Kusafisha dele ni safari? Ni kama kuniuliza nilipiga mswaki lini.

Barua yako aliisoma Salme kwa sauti. Alipofika kwenye ndimu nikahisi masikio yanawaka. Nikaenda kabatini, nikaleta dele, nikaliweka katikati ya meza. Nikasema, "Umar, shaba yako hii hapa."

Baba yako aliligeuza, akaligeuza. Kwenye tumbo la dele kuna mikwaruzo mipya, akapitisha kidole. Akanitazama mimi, akalitazama dele, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia tena, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Salme naye akashikwa na kicheko, kile cha bila sauti, mpaka akaniambia Mama basi, mtoto atatoka kabla ya wakati. Tulicheka sisi watatu mpaka jirani akagonga kuuliza kuna sherehe gani.

Halafu baba yako aliacha kucheka. Akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na Salme. Karibu miezi miwili hajakaa hapo, Shifa. Akaweka kiganja chake juu ya tumbo la mwanawe bila kuuliza, na mtoto akampiga teke papo hapo, na hapo ndipo alipolia kweli. "Nisamehe, mama," akamwambia. Salme akamwambia, "Nilidhani umechoka nasi, kwamba hata huyu unangoja tumpoteze." Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, si mionzi. Sisi tunaogopa atomu, yeye anaogopa kwamba baba yake hamtaki tena.

Baba yako alikula sahani mbili. Ya kwanza yake, ya pili ya Salme.

Bénit nilimwita mwenyewe nikakiri kwake. Nikamwonea huruma, maana ndoto ya mtu hata ikiwa na ndimu ni ndoto. Mwisho akasema, "Mama, basi dele yako ndiyo ilikuwa mtambo yetu." Watu wa televisheni ameshawaambia wasije. Anaamini bado, lakini baba yako amemwambia wakijaribu tena watapanga chumba mbali na watu, na kipimo kitafanywa na mtu asiyetaka wao washinde.

Mimi nacheka na kuandika hapohapo. Sijui hata kama nafurahi zaidi au nimechoka zaidi.

Mama yako, mwenye majivu


Poznań
27 Oktoba 2025

Mama mwenye majivu,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma maabara, nikacheka peke yangu, ikabidi niwatafsirie. Mwalimu wangu ameandika kwenye daftari la vipimo, mahali pa chanzo cha shaba: chombo cha kahawa, cha bibi. Anasema katika miaka yake yote hajawahi kuandika chanzo kilicho wazi namna hiyo.

Ulisugua nje tu, si ndani? Nijibu hilo leo. Na hata kama ni nje, lioshe kwa sabuni mara tatu, na wewe mikono yako. Majivu yaliyobaki msiyamwage, Bénit ayapeleke kwa watu wa kemia wanaojua kuyatupa. Na lile joto la ziada, mwambie baba apime umeme unaoingia kwa mita nzuri kabla hajamlaumu Mungu au kumsifu.

Sasa niseme la kwangu. Niliwaandikia nikijifanya mtulivu. Zile siku nne za kuhesabu sikuwa mtulivu hata saa moja. Nilikuwa nimekaa mbele ya mstari kwenye kioo, najua ukisogea upande mmoja dada yangu ana mtoto, ukisogea upande wa pili sijui ana nini. Nimefanya kazi hii miaka mitatu, na hesabu haijawahi kunitetemesha. Ilipotua pale inapotua shaba yote ya duniani, niliinamisha kichwa mezani nikashukuru kwa Kiswahili, kwa sauti, na hakuna aliyeniuliza.

Mbusu Salme. Mwambie hakuna anayemngoja mtoto wake kuliko mimi.

Mwanao Shifa


Kampala, benchi la wodi ya wazazi
12 Desemba 2025

Shifa,

Asalaam aleikum, mama mdogo wa mtu! Afya yako nitaiuliza kesho, leo haina nafasi.

Amezaliwa saa nne asubuhi hii, Ijumaa. Msichana, kilo tatu na robo, sauti kama ya kondakta. Salme mzima, anakunywa uji, amempigia Mubarak na wote wawili wamelia mpaka salio likaisha. Daktari amemhesabu mtoto vidole vyote mbele yetu, na baba yako akasema, "Naomba rudia." Daktari akarudia. Ishirini.

Walipompa baba yako mtoto amsomee adhana, kwanza alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango. Nilimwona. Nadhani na Salme alimwona, maana alinyoosha mkono kitandani akasema, "Baba, sogea." Akasogea. Ameisoma adhana sikioni mwake polepole kama anayeogopa kumwamsha, na mtoto, ambaye alikuwa analia tangu azaliwe, akanyamaza kumsikiliza.

Hiyo ilikuwa saa nne na nusu. Sasa ni saa saba kasorobo. Swala ya Ijumaa ameiomba udhuru, mkono umemfa ganzi, naona kabisa, muuguzi amemwomba mtoto mara mbili, mama mtu amemwomba, mimi nimemwomba kwa heshima zote. Anasema bado kidogo. Anasema sisi wengine tulikuwa karibu na mtoto huyu miezi yote tisa, na yeye ana deni la miezi miwili aliyomkwepa.

Naacha hapa, mwanangu. Nakwenda kumnyang'anya.

Mama yako, na sasa bibi